Namna ya Kuchora na Kusoma Chati ya Joto na Mvua: Malindi na Lamu

Mji wa Malindi na jiji la Nairobi hupata mvua inayokaribiana kwa mwaka mzima, takriban milimita 1,000 kila mahali, na mtu akiziangalia jumla hizo mbili peke yake anaweza kudhani kwamba mkulima wa Magarini, karibu na Malindi, na mkulima wa mji wa Kikuyu, karibu na Nairobi, wanaishi chini ya wingu moja. Sivyo hata kidogo. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina misimu miwili ya mvua inayoonekana waziwazi, mmoja ukifikia kilele mwezi wa Aprili na mwingine Novemba, na Julai yake ni ya kuvaa sweta. Malindi, kinyume chake, sehemu kubwa ya mvua yake husongamana kati ya Aprili na Julai, kilele kikiwa Mei, na joto lake hupanda na kushuka kwa nyuzi chache tu tangu Januari hadi Desemba. Tofauti hiyo haimo katika jumla ya mwaka bali imo katika umbo la mwaka, na chombo kinacholionyesha umbo hilo kwa mtazamo mmoja ni chati ya joto na mvua: pau kumi na mbili za mvua na mstari mmoja wa joto katika karatasi moja.

Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi wa jiografia, mkulima anayepanga msimu, na mwenye nyumba anayetaka kujua tangi lake liwe na ukubwa gani. Vinavyohitajika ni karatasi ya grafu, rula, kalamu za rangi mbili na takwimu za kuaminika. Anayetumia lahajedwali katika kompyuta atafuata hatua zizi hizi, ila namshauri achore chati ya kwanza kwa mkono, kwa sababu kompyuta huchagua skeli yenyewe, na skeli ndiyo sehemu inayotaka akili ya mchoraji kuliko zote.

Hatua ya kwanza: Pata takwimu zinazostahili kuchorwa

Unahitaji namba ishirini na nne, yaani wastani wa joto wa kila mwezi na wastani wa mvua wa kila mwezi. Namba hizo zisiwe za mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka mmoja husimulia habari zake tu na huenda ulikuwa wa ukame au wa mafuriko. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeweka desturi ya kutumia miaka thelathini, na kipindi kinachotumika sasa ni cha 1991 hadi 2020, ingawa vitabu vingi vya shule na tovuti nyingi bado vina takwimu za 1961 hadi 1990. Vipindi vyote viwili ni halali. Kisichofaa ni kuchukua joto la kipindi kimoja ukalioanisha na mvua ya kipindi kingine, au kulinganisha Malindi ya kipindi hiki na Lamu ya kipindi kile, halafu ukazifasiri tofauti za miaka kana kwamba ni tofauti za mahali.

Chanzo cha kwanza ni Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako Dagoretti Corner jijini Nairobi na ambayo ina vituo vya upimaji Malindi na Lamu pamoja na ofisi katika kaunti. Katika barua ya maombi, taja jina la kituo, vipimo unavyovitaka (joto la juu la kila siku, joto la chini la kila siku na mvua ya kila siku) na miaka unayoihitaji. Kadiri maombi yanavyokuwa mahususi ndivyo jibu linavyokuwa la manufaa.

Kama takwimu za kituo hazipatikani, zipo zinazotokana na setilaiti na mifano ya kompyuta, kama vile CHIRPS, ambayo ina makadirio ya mvua tangu mwaka 1981 katika viraba vya kilomita 5 hivi, na ERA5, ambayo viraba vyake ni vya kilomita 30 hivi. Zitumie, lakini uelewe unachokitumia. Kisiwa cha Lamu ni kidogo kuliko kiraba kimoja cha ERA5, kwa hiyo namba inayotoka humo ni ya kisiwa hicho, kisiwa jirani cha Manda, mikoko na bahari vyote kwa pamoja, na joto lake litakuwa na utulivu wa bahari kuliko joto la mtaa wa Langoni saa nane mchana. Chati nyingi zinazopatikana mtandaoni zikiwa zimeandikwa jina la Lamu au Malindi zimetengenezwa kwa njia hiyo bila kusema hivyo, na tofauti kati yake na kituo chenyewe inaweza kuwa kubwa, hasa katika mwezi wa Mei.

Hatua ya pili: Kokotoa wastani kwa njia iliyo sahihi

Joto na mvua havikokotolewi kwa njia moja, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Kwa joto, chukua joto la juu na joto la chini la kila siku, ujumlishe, ugawanye kwa mbili. Siku iliyofikia nyuzi 31 mchana na kushuka hadi nyuzi 25 alfajiri ina wastani wa nyuzi 28. Kisha tafuta wastani wa siku zote za mwezi huo, na mwisho wastani wa mwezi huo katika miaka yote thelathini.

Kwa mvua, siku za mwezi hazitafutiwi wastani. Zinajumlishwa. Mvua iliyokusanyika katika kipimamvua husomwa kila siku saa tatu asubuhi, na jumla ya masomo yote ya mwezi ndiyo mvua ya mwezi. Baada ya hapo ndipo unapojumlisha Mei thelathini na kugawanya kwa thelathini. Anayetafuta wastani wa siku atapata milimita 10 kwa mwezi wa Mei, na chati yake itaonyesha jangwa mahali ambapo watu wanavuka barabara kwa kukunja suruali.

Jambo jingine la kuangaliwa kwa makini ni nafasi zilizo wazi. Katika daftari la kituo, sifuri maana yake ni kwamba mtu alikwenda akatazama na akakuta chombo kikavu, ilhali nafasi iliyo wazi maana yake ni kwamba hakuna kilichoandikwa. Ukizigeuza nafasi wazi kuwa sifuri, unaupunguzia mwezi mvua ambayo huenda ilinyesha. Mwezi uliokosa siku nyingi uachwe nje ya hesabu, na wastani ugawanywe kwa idadi ya miaka iliyobaki.

Hatua ya tatu: Amua mwaka uanzie mwezi gani

Chati nyingi huanza Januari na kuishia Desemba, na hakuna kosa katika hilo. Hata hivyo, kwa pwani yetu mpango huo unakata kiangazi vipande viwili: Desemba inabaki pembeni kulia, na Januari hadi Machi zinakaa pembeni kushoto, kana kwamba ni misimu isiyohusiana. Upo utaratibu wa kimataifa kwamba chati za mahali palipo kusini mwa ikweta zianze Julai, ili miezi ya joto ikae katikati. Malindi iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, na Lamu nyuzi 2 na ushei, kwa hiyo utaratibu huo unatuhusu, na mimi naupendelea. Chati inayoanza Julai inaonyesha kipupwe upande wa kushoto, vuli, kisha kiangazi kizima bila kukatika, na masika yakifunga upande wa kulia. Ukiwa unalinganisha na chati ya kitabu iliyoanza Januari, chora zote mbili kwa mpangilio mmoja kabla ya kusema neno lolote.

Hatua ya nne: Chagua skeli

Chora mhimili wa ulalo na uugawe katika nafasi kumi na mbili zilizo sawa. Simamisha mihimili miwili ya wima, wa kushoto kwa joto na wa kulia kwa mvua. Hadi hapo hakuna ugumu. Ugumu uko katika namba utakazoandika kwenye mihimili hiyo, kwa kuwa takwimu zile zile zinaweza kutoa picha mbili zinazopingana.

Wastani wa joto wa mwezi hapa kwetu huwa kati ya nyuzi 25 na 29 hivi. Mtu akianza mhimili wa joto kwenye nyuzi 24 na kuumaliza kwenye nyuzi 30, mstari wake utapanda hadi juu kabisa mwezi wa Machi na kuporomoka hadi chini mwezi wa Julai, na msomaji aliyeko mbali ataamini kwamba Lamu ina majira ya baridi. Ukianza kwenye sifuri na kuishia nyuzi 40, mstari utakuwa karibu umelala, ukiinuka kidogo mwezi wa Machi na Aprili na kuinama kidogo Julai na Agosti. Picha hii ya pili ndiyo ya kweli kwa anayetaka kuulinganisha mji wetu na miji mingine. Ile ya kwanza ina kazi yake kwa anayechunguza mabadiliko madogo, mradi aandike waziwazi kwamba mhimili haukuanza kwenye sifuri.

Kwa upande wa mvua, mhimili lazima uanze kwenye sifuri wakati wote, kwa sababu urefu wa pau ndio kiasi chenyewe. Pau ikikatwa chini, inasema uongo. Mei ya Malindi na ya Lamu hukaribia milimita 300 kwa wastani, kwa hiyo mhimili wa 0 hadi 400, wenye hatua za milimita 50, unatosha. Ukiuweka sambamba na mhimili wa joto wa 0 hadi 40 wenye hatua za nyuzi 5, mistari ya karatasi italingana pande zote mbili na macho hayatasumbuka.

Skeli utakayoichagua kwa mji wa kwanza ndiyo utakayoitumia kwa miji yote ya kulinganishwa. Chati ya Garissa, ambako mvua ya mwaka ni haba, itaonekana fupi na yenye nafasi tupu nyingi katika skeli ya Malindi. Iache hivyo hivyo, kwa kuwa ufupi huo ndio habari.

Hatua ya tano: Chora

Anza na mvua. Inua pau moja ya buluu kwa kila mwezi, zote kwa upana mmoja. Kisha weka nukta ya joto katikati ya nafasi ya kila mwezi, wala si kwenye mpaka kati ya mwezi na mwezi, halafu uziunganishe kwa mstari mwekundu. Mvua huchorwa kwa pau kwa kuwa ni jumla iliyokusanywa na kufungwa mwisho wa mwezi. Joto huchorwa kwa mstari kwa kuwa halikatiki, linatiririka kutoka siku hadi siku.

Juu ya chati andika jina la kituo, latitudo na longitudo yake, kimo chake kutoka usawa wa bahari, kipindi cha takwimu, wastani wa joto la mwaka na jumla ya mvua ya mwaka. Chati isiyo na kipindi wala kimo ni picha ya mtu asiyejulikana.

Hatua ya sita: Ongeza mstari wa pepo

Hatua hii haimo katika vitabu vingi, lakini kwa mwambao wa Lamu na Malindi naiona ya lazima. Chini ya majina ya miezi, chora ukanda mwembamba na uandike pepo: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na vipindi vya maleleji katikati yake, pepo zinapogeuka. Mipaka hii husogea kwa majuma kadhaa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ichore kwa vivuli na si kwa kisu.

Sababu yake ni kwamba pepo ndizo zinazolieleza umbo la chati. Kaskazi hutoka upande wa Arabuni na Pembe ya Afrika ikiwa na hewa iliyo kavu kiasi, na ndiyo sababu Januari na Februari huwa na pau fupi kuliko zote. Kusi huvuka bahari kuu kutoka kusini-mashariki ikiwa imebeba unyevu, na inapoanza kusimama mwezi wa Aprili na Mei, wakati ukanda wa mkutano wa pepo za kaskazini na za kusini unapopita juu yetu kuelekea kaskazini, mvua ya masika humwagika. Msomaji makini atauliza kwa nini basi pau hupungua Julai na Agosti, ilhali kusi ndipo inapovuma kwa nguvu zaidi. Jibu ni kwamba kusi ikishapevuka, hukimbia sambamba na pwani kuelekea Somalia na hatimaye Uhindi, na sehemu kubwa ya unyevu wake huendelea na safari badala ya kuinuka na kunyesha hapa. Chati ya mvua na joto pekee haiwezi kulijibu swali hilo, na mvuvi anayeitazama hataona kwa nini Julai, yenye mvua ya wastani na joto la kupendeza, ndio mwezi ambao vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba.

Hatua ya saba: Soma joto kwanza, kisha mvua

Katika mstari wa joto tafuta mambo matatu: mwezi wa joto zaidi, mwezi wa baridi zaidi na tofauti kati yake. Malindi na Lamu hufikia kilele Machi au Aprili, na si kwa bahati. Jua huwa wima juu ya vichwa vyetu katikati ya Machi, kaskazi inakuwa imelegea, na mawingu ya masika hayajatanda. Kilele cha pili cha jua, mwanzoni mwa Oktoba, hakionekani sana katika mstari, kwa sababu bahari bado ina ubaridi wa kipupwe na kusi ya mwisho bado inapepea. Tofauti ndogo ya mwaka, ya nyuzi 3 au 4 tu, ni alama ya mahali palipo karibu na ikweta. Na tofauti ndogo kati ya mchana na usiku, ambayo haionekani katika mstari wa wastani, ni alama ya bahari. Ukitaka hiyo ya pili ionekane, chora mistari miwili, mmoja wa joto la juu na mmoja wa joto la chini, na utazame nafasi iliyo kati yake. Kwa Garissa nafasi hiyo ni pana zaidi.

Katika mvua, usikimbilie kutaja jumla. Tazama kwanza ni vilele vingapi. Kwetu kipo kimoja kikubwa cha masika na kimoja kidogo cha vuli, mwezi wa Oktoba na Novemba, ambacho kadiri unavyokwenda kaskazini kutoka Malindi hadi Lamu na Kiunga hubaki kama kivimbe tu. Tazama pia upande upi wa kilele una mteremko mkali. Masika ya pwani hupanda ghafla kutoka Machi iliyo karibu kavu hadi Mei, kisha hushuka polepole kupitia Juni na Julai. Mteremko huo wa taratibu una thamani kubwa kwa mkulima wa Mpeketoni au Magarini, kwa kuwa mahindi yaliyopandwa mvua zilipoanza hupata unyevu hata baada ya kilele kupita, ilhali aliyechelewa hadi mwisho wa Mei anakimbizana na pau zinazofupika.

Hatua ya nane: Tambua miezi mikavu

Wajerumani wawili, Heinrich Walter na Helmut Lieth, waliotoa atlasi ya chati za namna hii katika miaka ya 1960, waliweka kanuni rahisi ya kutambua ukavu: kila nyuzi 10 za joto zilingane na milimita 20 za mvua katika mihimili. Mahali ambapo mvua iko chini ya mstari wa joto, mwezi huo ni mkavu, kwa kuwa joto linaweza kukausha zaidi ya kile kinachonyesha. Kwa maneno mengine, zidisha joto la mwezi kwa mbili. Mwezi wa nyuzi 28 unahitaji angalau milimita 56 ili usihesabiwe mkavu.

Kwa kuwa joto letu halibadiliki sana, kanuni hii inakuwa nyepesi: mpaka wa ukavu kwa Malindi na Lamu uko kati ya milimita 50 na 58 mwezi wowote. Nao unakaribiana na milimita 60, ambazo mtaalamu wa tabianchi Wladimir Köppen aliziweka kuwa mpaka wa mwezi mkavu katika nchi za tropiki. Piga mstari wa nukta kwenye milimita 55 katika chati yako, na rangi ya manjano ipake miezi yote isiyoufikia.

Tahadhari moja. Kukutana kwa mstari wa joto na pau za mvua kuna maana katika skeli hiyo ya moja kwa mbili tu. Katika ile ya 0 hadi 40 na 0 hadi 400, niliyoipendekeza hapo juu, pau ikiupita mstari ni ajali ya kuchora na haisemi lolote kuhusu ukame. Nimeziona chati zenye skeli za kawaida zikifasiriwa kwa kanuni ya Walter, na matokeo yake ni karibu mwaka mzima kutangazwa kuwa mkavu.

Hatua ya tisa: Itumie chati kupima tangi

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Watu wa visiwa vya Lamu, wanaoishi kwa majabia na mabirika, wanaijua kazi ya mvua kuliko mtu wa bomba, na hapa chati inaweza kuwafaa kwa hesabu.

Chukua nyumba yenye paa la mita 10 kwa 6, yaani mita 60 za mraba, na familia inayotumia lita 100 kwa siku. Tuchukue kwa mfano mvua ya mwaka ya milimita 1,000, ambapo 750 huanguka Aprili hadi Julai na 250 miezi minane iliyobaki, umbo linalokaribiana na la pwani yetu. Tukadirie kwamba asilimia 80 ya maji ya paa hufika kwenye tangi, mengine yakirukia nje au kukauka.

Kwa jumla ya mwaka, paa linatoa lita 48,000 na familia inahitaji lita 36,500. Mtu atapumua na kununua tangi lolote. Sasa soma umbo. Kuanzia Agosti hadi Machi ni siku 243, na mahitaji yake ni lita 24,300. Mvua ya miezi hiyo inaleta lita 12,000 tu. Zilizobaki, lita 12,300, ni lazima ziwe zimo ndani ya tangi siku ya mwisho ya Julai. Mwenye tangi la lita 5,000, hata likiwa limejaa pomoni siku hiyo, atapungukiwa na lita 7,300, ambazo ni matumizi ya siku 73, na upungufu huo utamfika wakati wa kaskazi kavu, visima navyo vikiwa vimeshuka na chumvi imepanda. Wakati huohuo maelfu ya lita yalikwisha kumwagika uani mwake mwezi wa Mei. Badilisha eneo la paa, idadi ya watu na namba za kituo chako, na hesabu itakuwa ya nyumba yako.

Hatua ya kumi: Onyesha kile ambacho wastani unakificha

Pau ya Novemba ina hatari kuliko zote, kwa kuwa vuli haitabiriki. Katika miaka ambayo maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi hupata joto kuliko ya mashariki, au El Nino inapokuwa imeshika, vuli inaweza kuwa ya mafuriko, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Miaka mingine hupita bila mvua ya maana. Wastani huchanganya yote hayo ukatoa Novemba ambayo huenda haijawahi kutokea.

Tazama Novemba tano za mfano: milimita 20, 35, 40, 55 na 350. Wastani wake ni milimita 100, lakini nne kati ya hizo tano hazikufika hata 60. Namba ya kati, inayopatikana kwa kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua iliyo katikati, ni 40, na hiyo ndiyo inayomfaa mkulima anayejiuliza kama apande tena. Kwa hiyo, juu ya kila pau weka kijistari cha namba ya kati, na chora uzi mwembamba wa wima kutoka mwaka wenye mvua kidogo kabisa hadi ule wenye mvua nyingi kabisa. Utaona kwamba uzi wa Novemba ni mrefu mno ukilinganishwa na pau yake.

Mwenye takwimu za kila siku anaweza kwenda mbele zaidi na kuugawa mwaka kwa siku kumi kumi, apate pau 36. Mabaharia na wakulima wa mwambao wameuhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi tangu zamani, na idara za hali ya hewa nazo hutoa taarifa za kilimo kwa vipindi hivyo hivyo. Kwa kupanga siku ya kupanda, mwezi ni kipimo kipana mno.

Kumbuka vilevile kwamba chati ni ya kituo kimoja. Mto Sabaki unaweza kufurika na kuifanya bahari ya Malindi kuwa nyekundu wakati mji wenyewe haujaona tone, kwa sababu maji yake yametoka nyanda za juu, karibu na Nairobi. Na delta ya Tana inaweza kuzama kwa mvua iliyonyesha Mlima Kenya. Anayeishi kando ya mto achore chati mbili, ya kwake na ya chimbuko la maji.

Chati ikikamilika, ibandike ukutani na uifanyie kazi mwaka mzima. Weka kipimamvua mahali palipo wazi, mbali na minazi na kuta, kikisomwa kila saa tatu asubuhi, na mwisho wa kila mwezi tia nukta nyeusi juu ya pau ya mwezi huo kuonyesha mvua uliyoipima mwenyewe. Nukta ikikaa chini ya kijistari cha namba ya kati Aprili na pia Mei, punguza matumizi ya maji mapema, kuanzia Juni, kwa kuwa chati imekwisha kukuonyesha kwamba hakuna pau nyingine ndefu mbele yako hadi masika yajayo.